Anti, niliahidi sinunui tena peni za wino, sasa mzee ananiuzia Parker 51

SWALI

Shikamoo anti. Naomba usitaje jina langu wala duka ninalofanyia kazi, mji wetu mdogo na nawajua watu wanaoisoma hii safu, niite tu Mama Wino wa Moshi inatosha.

Mi nina miaka 37, nimeolewa, watoto wawili, ni mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sinywi, sina mambo ya dhahabu, nguo zangu nyingi ni za mtumba wa pale Memorial kama watu wengine wote, yaani ukiniona njiani huwezi kusema huyu ana tatizo la matumizi. Lakini ninalo, na nikilisema watu wanacheka. Nanunua peni. Sio hizi za mia tano anti, za wino, zile unazojaza mwenyewe kutoka kwenye chupa, zenye nibu ya chuma mbele.

Ilianza binamu yangu anayeishi Uingereza alivyokuja likizo akaniletea Pilot Metropolitan, peni ya Kijapani, nyeusi, nzito kidogo mkononi. Siku naijaribu nikaandika ukurasa mzima nikashangaa mbona vidole haviumi. Biki unaikandamiza, hii unaigusisha tu kwenye karatasi inakwenda, alafu mstari unabaki umelowa sekunde kadhaa unauangalia hivi kabla haujakauka, sijui nikuelezeje lakini mwenye kuelewa ataelewa. Nikaanza kutafuta mtandaoni nyingine zikoje na hapo ndo nikapotea.

Nilianza na za China, Jinhao, kuna ambazo bei yake haizidi chipsi kuku ukitoa hela ya kusafirisha. Alafu nikataka Lamy Safari ya Ujerumani, ya njano. Nikaipata, nikagundua wale watu kila mwaka wanatoa rangi mpya na ikiisha imeisha, basi nikawa kila mwaka nasubiri rangi. Ikaja TWSBI ya Taiwan ambayo mwili wote unaona ndani, unauona wino unavyocheza. Ikaja Pilot Kakuno, hii walitengeneza kwa ajili ya watoto, nibu yake imechorwa kisura kinachocheka, nilisema ni ya binti yangu, mpaka leo iko kwenye droo yangu. Ukaja wino, bluu, kijani iliyokolea, zambarau, chupa moja juzi nimeifungua nikakuta vinaelea vitu vyeupe vyeupe, ukungu nadhani, maana sijaigusa siku nyingi. Peni sijazihesabu vizuri lakini zimepita ishirini.

Na kazini karibu sizitumii! Vocha zetu na delivari noti ni vitabu vya kaboni, lazima ukandamize nakala zitoke mpaka karatasi ya tatu, peni ya wino ukiikandamiza hivyo nibu inaachama na ndo umeiua. Kwa hiyo kutwa naandika na biki. Ile Pilot naitumia kutia sahihi tu. Nyumbani nina kaunta buku, wino ukigusa ile karatasi unasambaa pembeni na kutokea upande wa pili, nikaacha.

Nikueleze inavyokua. Mwisho wa mwezi nafunga hesabu, narudi nyumbani kichwa kimejaa tarakimu, watoto wakishalala nachukua simu. Naangalia watu wanavyoandika, nasoma maoni ya nibu, nafananisha bei, naweka kwenye kikapu natoa naweka tena, nikishalipa moyo unatulia kabisa nalala vizuri. Alafu zinaanza wiki za kusubiri mzigo, nafatilia umefika wapi, umetoka Shenzhen, umeingia Dar, yaani hizo wiki nakua na raha mpaka kazini wananiuliza kuna nini. Ukifika najaza wino, naandika jina langu, naandika la mume wangu, mistari miwili mitatu ya zaburi, naisafisha naiweka kwenye boksi. Mwezi ukiisha nimesharudi kwenye simu.

Deni sina. Ada nalipa, chakula natoa sehemu yangu. Mume wangu anajua napenda peni ila hajui ni nyingi kiasi gani, mizigo napokelea kazini. Yeye ni mtu wa utani. Kuna siku alinikuta naangalia Platinum 3776, nikamwambia hiyo namba ni mita za mlima Fuji kule Japani, nikamwonyesha na Montblanc ambayo kwenye nibu wameandika 4810, huo ni mlima Mont Blanc, akachungulia bei, kisha akachungulia dirishani akasema basi tusubiri watoe ya 5895 tutanunua hapa hapa nyumbani. Nilicheka lakini moyoni nikaona aibu. Mwaka mpya nikamwambia mwenyewe bila kuulizwa, mwaka huu sinunui peni hata moja mpaka tupaue nyumba. Akasema haya mama.

Boma letu limefika kwenye linta, tunataka kupaua kabla masika haijachanganya. Zamu yangu ya mchezo inatoka mwisho wa mwezi huu, laki nane, tumekubaliana yote iende kwenye bati na mbao.

Sasa kuna mzee mmoja ni mteja wetu, alikuja kununua misumari na kopo la rangi akaniona natia sahihi. Akasimama. Akaniuliza unajaza wino gani, tukaongea mpaka waliokuwa kwenye foleni wakalalamika. Kesho yake akarudi na kitu amekifunga kwenye leso. Parker 51. Rangi ya damu ya mzee, kofia ya chuma isiyong'aa sana, nibu imefichwa ndani imetokeza kincha tu. Anasema alipewa na mkubwa wake wa kazi alipokuwa karani wa reli, enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Siku hizi mikono inamtetemeka haandiki tena. Anataka laki moja na nusu, kuna kijana wa Arusha anauzia watalii vitu vya zamani anaitaka, ila yeye angependa iende kwa mtu atakayeiandikia. Atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi anti, siku zile zile za mchezo. Laki na nusu ni bati tano hivi. Nikitoa kwenye laki nane nikasema mwezi huu tumekatwa, hakuna atakayejua. Najiambia hii ndo ya mwisho, tena hii sio kama zile, hii ni adimu, thamani yake inapanda tu, na mzee nitakua nimemsaidia. Alafu nakumbuka maneno ya "ndo ya mwisho" niliyasema hata kwenye ile ya njano. Nifanyeje? Nichukue ninyamaze, nimwambie mume, au niachane na peni kabisa niuze zote? Na je huu ni ugonjwa?

Mama Wino, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, Mama Wino, habari za Moshi.

Sijakucheka. Nimecheka sehemu moja tu, pale mume wako alipochungulia dirishani, na huyo mwanaume Mungu akutunzie. Barua yako nimeirudia mara ya pili maana umeweka mambo matatu kwenye fundo moja na nadhani ndo maana limekuwa gumu kulifungua. Kuna peni za usiku, zile za kwenye simu. Kuna peni ya mzee. Na kuna hela ya bati. Ukitafuta ndio moja au hapana moja ya kujibia yote matatu utahangaika bure.

Tuanze na za usiku. Umeniambia rangi za peni, umeniambia zilikotoka, hata kisura kilichochorwa kwenye nibu umekikumbuka. Ila ulipofika kwenye idadi ukaandika zimepita ishirini. Wewe mhasibu, mtu ambaye nina uhakika ukiulizwa sasa hivi dukani imebaki misumari kiasi gani ya nchi tatu unajibu bila kufungua daftari! Sikusuti mwanangu. Nasema hapo ndo nilipoinua macho kwenye barua, kwa sababu inaonekana kuna hesabu moja hutaki kuigusa, na mi ningependa kujua kwa nini kabla sijakwambia lolote kuhusu kununua au kutokununua. Unaogopa jumla ya hela? Au unaogopa kuziona zote mezani kwa pamoja, zimelala, safi, hazina kazi?

Ukitaka kuzihesabu zihesabu siku ambayo sio mwisho wa mwezi, mchana, umeshakula, na usiandike bei, andika tu ipi mara ya mwisho uliijaza lini. Wengine wakifanya hivyo wanapata nafuu maana hofu ilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Wengine wanaumia, na wakiumia wanakimbilia kwenye kile kile kinachowatuliza, yaani unaweza kuhesabu saa kumi jioni na saa nne usiku ukawa umeagiza nyingine. Najua inachekesha lakini hutokea, kwa hiyo chagua siku ambayo una mtu wa kuongea naye baadaye.

Halafu angalia raha yako umeiweka wapi kwenye maelezo yako mwenyewe. Iko kwenye kuchagua, iko kwenye kulipa, iko kwenye mzigo ukitoka Shenzhen. Peni ikifika inapata mistari mitatu ya zaburi basi, boksini. Sasa nauliza, na sio swali la mtego, unapenda peni au unapenda kuwa na kitu kizuri kiko njiani kinakuja? Maana mtu anayekaa mwezi mzima na tarakimu za hela za watu wengine, akafunga vitabu usiku wa tarehe thelathini na hakuna aliyemwambia asante, anatamani na yeye apelekewe kitu. Si jambo la ajabu. Ila kama unachokipenda ni kule kusubiri, basi hakuna peni itakayokutosheleza, iwe ya Ujerumani iwe ya Japani, kwa sababu ikifika tu kusubiri kumekwisha na inabidi uagize tena ili kuanze upya.

Inawezekana pia nimekosea. Inawezekana peni unazipenda kweli kweli ila huna pa kuziandikia, kazini kaboni, nyumbani kaunta buku inayovuja wino, sasa mtu ana mapenzi ya kuandika na hana karatasi, mapenzi yanageukia kununua maana ndo mlango pekee uliobaki wazi. Kama ni hivi basi tatizo lako la kwanza ni karatasi, na hilo halifiki hata nusu ya bei ya peni. Jaribu zile nyeupe za kwenye printa, jaribu daftari lenye karatasi nzito kidogo, na anza na hiyo Pilot au Kakuno kama nibu zake ni nyembamba, za Kijapani huwa zinaandika mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye alama ile ile ya unene, kwa hiyo wino unaomwagika kwenye karatasi ni kidogo na hausambai sana. Na kwenye huo mchezo wenu, nani anaandika majina na zamu? Kama daftari la kikundi linaandikwa na mtu anayelalamika kila siku kwamba amechoka, unaweza kujitolea. Nakutania kidogo, lakini sio sana.

Sasa njia za kuzuia mkono usiku. Wapo watakaokwambia futa apu, usiweke salio kwenye ile kadi ya kulipia mtandaoni, simu ilale sebuleni. Zinasaidia, hasa kwa mtu anayenunua akiwa amechoka, kwa sababu kati ya kutamani na kulipa unaweka kazi ya kufanya, na saa nne usiku mtu aliyechoka hapendi kazi. Hatari yake ni kwamba kile kilichokuwa kinatulizwa na peni kitatafuta mlango mwingine, na sijui kama ungependa kiwe chakula au ugomvi na watoto. Wapo watakaokwambia ikiingia moja itoke moja. Nzuri kwa droo, mbaya kwa mfuko, maana nimeona watu wanagawa vitu ili wapate ruhusa ya kununua vingine na wanajisifia kwamba hawajalimbikiza. Wapo wenye fungu, kila mwezi kiasi kadhaa ni changu sitaulizwa, na hili mi nalipenda kwa watu wa ndoa, ila linataka fungu lisemwe kwa mwenzako, likiwa la siri ni kujipa mshahara kwenye hela ya nyumba.

Na kuna jambo dogo la hizo Lamy. Safari zote hizo za rangi zinatumia nibu ya aina moja, inachomoka inaingia kwenye nyingine. Ya njano na ya mwaka huu zinaandika sawa sawa mwanangu. Ukitaka ladha tofauti unanunua nibu peke yake, nene au iliyokatwa bapa, unaipachika kwenye peni uliyonayo. Wino nao hivyo hivyo, chupa ya mililita 50 kwa peni inayobeba mililita moja ni kujaza mara hamsini, kwa mtu anayeandika mistari mitatu ya zaburi hiyo ni chupa ya kurithisha wajukuu.

Kuuza zote? Umelitaja mwishoni haraka haraka, nikaona ni hasira. Ukiuza zote leo ukiwa na aibu, bei utakayopata ni ya mtu mwenye aibu. Hilo liache kwanza.

Tuje kwa mzee.

Umesema Parker 51 ni adimu. Hapa nilienda kusoma na nikamuuliza mtu anayezijua. Zilianza kuuzwa 1941 zikaendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970, zilitoka mamilioni kwa mamilioni, ni miongoni mwa peni za wino zilizouzwa sana duniani, na kwa kuwa zilikuwa imara mpaka leo zinapatikana zikiwa nzima. Kampuni yenyewe ikaja kutoa peni mpya yenye jina hilo hilo mwaka 2021. Kwa hiyo Parker 51 kama aina haikukimbii, mwakani zitakuwepo. Inayoweza kukukimbia ni hii ya huyu baba, iliyokaa kwenye ofisi ya reli na kuandika majina ya vituo ambavyo vingine treni haipiti tena, na hiyo sitakudanganya kwamba utaipata kwingine. Ila uwe wazi unalipia kipi, peni au habari zake, kwa sababu habari zake unaweza kuzipata hata bila kununua, ukimpa mzee kiti na nusu saa.

Kuhusu thamani kupanda, sijaona kwenye barua yako ukiuza hata peni moja. Mtu asiyeuza, bei ikipanda inamsaidia nini?

Na kuhusu kumsaidia mzee, tuulizane taratibu. Umemuuliza kwa nini anauza? Inawezekana ni dawa, inawezekana ni hela ya mahindi, inawezekana hana shida yoyote ila anataka mtu wa kuongea naye habari za wino. Watoto wake wanajua? Hapa kwetu kitu cha baba kikitoka nyumbani bila watoto kujua, siku baba hayupo kinatafutwa, na jina lako litatajwa. Simaanishi usinunue. Namaanisha maswali haya ukimuuliza ana kwa ana utajua kama ni biashara au ni jambo lingine, na kama ni shida ya hela pengine kuna msaada ambao hauhusiani na peni kabisa.

Kitu kimoja kinachonifanya niitazame hii tofauti na zile nyingine, zile za kuagiza ulizilipia kabla hujazigusa. Hii iko Moshi. Haina Shenzhen, haina wiki za kufuatilia. Muombe mzee ukae nayo mchana mmoja pale pale akikuona, uandike kurasa kadhaa kwenye karatasi nzuri, upeleke na wino wako wa kawaida wa bluu. Kabla ya hapo chovya ncha kwenye maji ya kawaida, sio ya moto na usiweke spiriti kabisa, fungua mwili uone kama ni ile yenye upau wa kubonyeza, bonyeza, ikinyonya maji na kuyatema ujue mfuko wake wa ndani bado unafanya kazi. Ukimaliza kuandika ujisikilize. Kama hamu imepungua utakuwa umejua ulikuwa unataka nini. Kama imezidi, pia utakuwa umejua, na hapo tunarudi kwenye bati.

Bati, na mume wako. Ile ahadi ya mwaka mpya ulisema mwenyewe, hukuombwa. Alijibu haya mama. Mi najiuliza kama ulikuwa unamwahidi yeye au ulikuwa unatafuta mtu wa kukukataza ili usijikataze mwenyewe, na yeye hakuichukua hiyo kazi. Sasa umebaki na ahadi ambayo anayeilinda ni wewe, na anayetaka kuivunja ni wewe, usiku huo huo.

Ile njia ya kusema tumekatwa, naielewa inakojia lakini itazame vizuri kabla hujaipita. Kiasi ni bati tano, leo hakuna atakayejua, kweli. Ila mchezo una wanawake wenzako, wake wa marafiki zake, na siku moja kwenye msiba au harusi mtu atasema sisi kwetu hatujawahi kukata mtu. Mpaka sasa umeficha mizigo. Hapo utakuwa umesema uongo kwenye hela ya nyumba ya watoto, na hizo ni ngazi mbili tofauti, ya kwanza unaweza kuisimulia mkacheka wote wawili, ya pili sina uhakika.

Kumwambia nako kuna hatari zake, sitaki nikudanganye. Anaweza kusema nunua tu mama, kwa moyo mweupe, na ukabaki na Parker na aibu yako iko pale pale kwa sababu hakuwahi kuambiwa habari za zile ishirini na kitu. Anaweza kusema hapana, bati kwanza, na ukajisikia mtoto mdogo aliyenyimwa hela ya barafu, ukalipiza kimya kimya mwezi unaofuata. Au anaweza kukutania, na safari hii utani ukauma. Kama utani wake unauma mwambie kabla, mwambie leo nataka uniskilize bila Kilimanjaro. Nadhani mwanaume wa aina hiyo akiambiwa hivyo anakaa kitako.

Na zipo njia za katikati. Mzee unaweza kumwomba umlipe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wako, bila kugusa mchezo, akubali au akatae. Unaweza kuuza mbili tatu ambazo ukizitazama moyo hausemi kitu, ukaweka hela hiyo kwa ajili ya Parker, ingawa hapo nakukumbusha nilichosema juu ya ingia moja toka moja. Unaweza kumwambia hapana na ukabaki rafiki yake, ukamwandikia barua zake maana mikono inamtetemeka na yeye ni karani, karani hakosi barua za kuandika. Ipi kati ya hizi unaweza kuifanya ukalala vizuri bila kushika simu, hiyo mi siwezi kukuchagulia.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Kwa ulichoniandikia, ada inalipwa, chakula kipo, kazi unaifanya, sitakubandika jina la ugonjwa kwa barua moja. Ila kuna dalili ukiziona usingoje safu: umeanza kukopa kwa ajili ya peni, umegusa hela ya ofisi hata kwa kusema nitarudisha kesho (wewe unashika hela za watu, hili nalisema kwa mkazo), huwezi kulala usiponunua, au umejaribu kweli kuacha na kila mara unarudi ukiwa na hali mbaya zaidi. Hapo nenda hospitali kubwa muone mshauri, wapo, na hawatakucheka, wameona watu wa kamari, wa nguo, wa vyombo, wewe utakuwa wa kwanza wa wino pengine lakini njia za kusaidia zinafanana.

Mwisho wa mwezi hauko mbali na mzee anasubiri. Hata ukiona huwezi kuichukua usimwache aje dukani akutazame usoni akijiuliza, mwambie mapema, maana yule kijana wa Arusha akijua baba hana mnunuzi mwingine atashusha bei. Na ile chupa yenye vitu vyeupe usiichuje, usiseme ni hela yangu, imwage, na kama kuna peni uliyoijaza kutoka kwenye chupa hiyo uiloweke na kuiosha mpaka maji yatoke safi kabisa kabla hujaichovya kwenye chupa nyingine, ukungu unahama.